Filamu ya Wakaliga na Sauti ya Mfasiri

Yeyote aliyepata kuketi katika kibanda umiza, iwe Musoma penye upepo wa ziwa au Bunda kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, anajua jinsi visa vya majambazi na kisasi vinavyopendwa na hadhira yetu. Lakini filamu ya namna hiyo iliyoufanya ulimwengu ugeuke kulitazama bonde hili la Ziwa Victoria haikutoka Marekani wala Hong Kong. Ilitoka ng'ambo ya ziwa, Wakaliga, mtaa wa mafukara jijini Kampala, ambako mwaka 2010 Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex?, kwa gharama isiyofika dola 200 za Kimarekani.

Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali kabla ya kujifunza ufundi wa kompyuta, aliasisi Ramon Film Productions mwaka 2005, akaipa jina lililoungwa kutokana na majina ya bibi zake, Rachel na Monica. Kompyuta ya kuhariria aliiunda mwenyewe kwa vipande alivyovikusanya. Bunduki za bandia na mkono wa kuinulia kamera vilitoka katika mikono ya fundi Dauda Bisaso, aliyevitengeneza kwa vyuma chakavu. Na damu ilikuwa ya ng'ombe, hata mwigizaji mmoja alipougua, ndipo ikatumiwa rangi ya chakula. Waigizaji, ambao aghalabu walikuwa majirani, walizichukua nakala wakaziuza wenyewe mlango kwa mlango.

Kisa chenyewe ni chepesi kufuata. Kapteni Alex anapewa amri ya kulivunja genge la Tiger Mafia linaloitaabisha Kampala. Anauawa usiku, na ndugu yake, Bruce U, bingwa wa mapigano, anaondoka kumtafuta muuaji. Filamu inakwisha pasipo jina la muuaji kutajwa, nayo imeliacha swali lake mikononi mwa watazamaji.

Lakini johari ya filamu hii imo katika sauti ya VJ Emmie, ambaye tangu mwanzo hadi mwisho anasimulia, anafafanua, anatania na kumsifu stelingi. Kazi hiyo haikuzuliwa kwa ajili ya filamu hii. Ilikulia katika vibanda vya video vya Kampala, ambako mfasiri aliwaeleza watu kwa Kiganda mambo yaliyosemwa kwa lugha za ghaibu, kisha ikaenea hata kwetu, maadamu Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994 na mkanda wa video ndio uliokuwa dirisha la wengi. Derek Mukandala, maarufu kwa lakabu ya Lufufu, aliifanya iwe sanaa ya Kiswahili yenye wapenzi wengi.

Wako waliokuwa wakiidharau kazi hiyo, wakidhani ni makelele ya vijana wasio na elimu. Nami nawakumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotoa mwaka 1963 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya kuuawa kwa Kaizari, alithibitisha kwamba hadithi ya mbali haiwi mali ya watu mpaka isemwe kwa ulimi wao. Mfasiri wa kibandani alilifanya jambo hilo hilo kwa hadhira isiyoshika kitabu, na Nabwana akalitimiza kwa kuipa hadhira hiyo filamu iliyokuwa yake tangu mwanzo.

Umaarufu haukuchelewa: mwaka 2015 alipoomba msaada wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, wapenzi wake wa ulimwenguni walimchangia zaidi ya 13,000. Hata hivyo, nakala ya asili ya Kapteni Alex, ile isiyo na sauti ya msimulizi, ilipotea, na hii tunayoitazama leo ilinusurika kwa sababu tu ilikuwa imekwisha kusimuliwa na kusambazwa.

Basi funzo ni dhahiri kwa mkoa wa Mara. Mikanda iliyotafsiriwa, iliyowafundisha wazee na vijana kuangalia sinema, inaozea stoo na kufutwa bila mtu kujali. Butiama tunayo makumbusho yanayohifadhi vitu vya Mwalimu, nasi hatuna budi kuwahifadhi wafasiri wetu kwa heshima ile ile, kwa kuikusanya mikanda yao, kuandika majina yao, na kuwahoji wangali hai.