Barabara ya Kasindi: nani alilipa, nani aliona hesabu

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Kutoka Beni hadi Kasindi, kwenye mpaka na Uganda, ni kilomita 80. Kwa watu wa Grand Nord hesabu hiyo si ya ramani tu. Ndiyo inayopanga bei ya sukari, simenti, vitenge na dawa. Mvua ikikata barabara kwa siku tatu, mama anayeuza unga sokoni anajua kabla ya ofisi yoyote kujua, kwa sababu mfuko wa kesho umeshapanda bei leo.

Ndiyo maana wakaaji wengi walifuata kwa matumaini habari ya tarehe 16 Juni 2021, wakati Rais Félix Tshisekedi na Rais Yoweri Museveni walipokutana mpakani kuzindua kazi ya kutengeneza barabara. Mradi mzima ni wa kilomita 223: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma kupitia Rutshuru. Lami inapendeza. Lakini liko swali ambalo ni la zamani kuliko lami, na kila kizazi cha wafanyabiashara wa Butembo na Beni kimekutana nalo: barabara hii inalipwa na nani, na yule anayelipa anaonyeshwa hesabu?

Chumvi kabla ya mpaka

Kabla ya kuwepo duane, njia ilikuwepo. Wanande, ambao wenyewe wanajiita pia Bayira, walikuwa wakishuka kutoka milima ya Lubero na Beni, wanavuka bonde la Semliki na kufuata chumvi ya Katwe, upande ambao leo ni Uganda. Walipeleka vyakula vya milimani, wakarudi na chumvi. Mwaka 1910 wakoloni walikubaliana mahali pa mpaka, na chumvi ile ile ikawa bidhaa ya nchi ya kigeni. Lakini Wakonzo wa upande wa pili ni ndugu, na lugha yao inasikilizana na Kinande. Mpaka uligawa utawala. Haukugawa ndoa wala madeni.

Jambo hilo linaeleza mengi yaliyofuata. Mtu mwenye ndugu Kasese hakuhitaji benki ili apate mali ya kuanzia. Alihitaji jina zuri.

Mji uliokua kwa kulisha wengine

Butembo haikuanza kama mji wa wafalme wala bandari. Ilikua karibu na kazi za dhahabu za kampuni ya Minière des Grands Lacs, MGL, iliyoingia eneo hilo katika miaka ya 1920. Penye kambi ya wafanyakazi panahitajika chakula, na milima ya Lubero ina baridi na udongo mzuri. Wazungu walifungua mashamba ya kahawa arabika, chai, pareto na ngano. Raia walilima maharagi, viazi, kabichi na vitunguu, na sehemu ya mavuno hayo iliishia katika vyungu vya wachimbaji.

Faida kubwa, hata hivyo, ilibaki mikononi mwa kampuni na wafanyabiashara wageni. Barabara za ukoloni zilijengwa kwa mikono ya raia, mara nyingi kwa kazi ya lazima, ili kutoa mazao na dhahabu. Kwa hiyo jibu la kwanza la swali letu ni hili: raia alilipa kwa jasho, na hesabu ilisomwa Brussels.

Baada ya uhuru wa 1960 na vita vya Simba vya 1964, Kisangani ilikuwa na njaa ya mboga na maharagi. Wafanyabiashara wa Butembo na Lubero walipakia makamio na kushika njia ya Mambasa, safari ya mamia ya kilomita ndani ya msitu. Njiani kulikuwa na matope ya kumeza gari hadi mlango. Waliofika na mzigo haujaoza walirudi na pesa ya kununua kamio la pili. Mtafiti Janet MacGaffey, aliyefanya kazi Kisangani karibu na mwaka 1980, aliwakuta Wanande kati ya wafanyabiashara waliosimama kwa nguvu zao wenyewe, bila kutegemea cheo serikalini.

Siri yao haikuwa kubwa. Ndugu mmoja alikaa Butembo kununua mazao, mwingine Kisangani kuuza, wa tatu Kasindi kupokea bidhaa. Mali ilitoka kwa mkopo wa mdomo. Asiyerudisha hakupelekwa mahakamani. Alifungiwa mlango na kila mtu, na aibu ikawafikia hata wadogo zake. Sheria hiyo ilikuwa kali, lakini wote waliijua.

1973: maduka yanagawanywa

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na kampuni ndogo za wageni zitapewa Wazairwa. Hiyo ndiyo Zairianisation. Katika miji mingi waliopata walikuwa wakubwa wa siasa na marafiki wao. Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa dukani, wakala pesa, na rafu zikabaki tupu. Watu wa Butembo hawakuwa karibu na meza ya Kinshasa ambako vitu vilikuwa vinagawanywa, lakini walijua kununua na kuuza. Rafu za wengine zilipokuwa tupu, wao walikuwa na makamio.

Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya dunia ikapanda sana. Mkulima wa Beni alikuwa na dhahabu nyeusi shambani, lakini akiuza kwa njia ya serikali alilipwa kwa zaire iliyokuwa inapoteza nguvu kila mwezi. Hivyo kahawa ikavuka kwenda Uganda usiku, ikarudi kwa sura ya nguo, simenti na vipuri vya magari. Waganda waliita biashara ya namna hiyo magendo, na neno hilo halikuhitaji kuelezwa Kasindi.

Kwa sheria ulikuwa wizi. Kwa mkulima ilikuwa njia ya kupata bei inayolingana na kazi yake. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hapo ndipo tatizo lilipoanza kukua. Hazina ya nchi ilikosa pesa ya kutengeneza barabara, na kwa kuwa barabara haikutengenezwa, kila mtu aliona haki ya kutolipa.

Askofu na mfuko wa pamoja

Katika pengo hilo alisimama Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni tangu 1966 hadi 1997. Kanisa lilikuwa na parokia, shule na vituo vya afya hadi vijijini, na Kataliko aliwaambia wafanyabiashara kwamba mali yao ina kazi ya kuwafanyia watu wengine. Mashine, mafuta na michango ya wenye makamio viliungana na mikono ya wananchi kukarabati njia. Mwaka 1989 Butembo ilifungua Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeanza kushindwa kulipa walimu.

Miaka ya 1991 na 1993, wakati askari wasiolipwa walipopora Kinshasa na miji mingine, mfano wa Butembo ulianza kusemwa mbali: mji unaojijenga wenyewe. Sifa hiyo ilistahili. Lakini mfuko wa pamoja ulikuwa na kasoro moja. Aliyechangia sana alisikilizwa sana. Mkulima aliyetoa siku zake za salongo na jembe lake hakuandikwa katika orodha ya wafadhili.

Duane ya kulipa mbele

Vita vya Agosti 1998 viligawa nchi. Kisangani, soko la zamani la mboga, ilikatwa. Beni ikawa makao ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na jeshi la Uganda likawa na nguvu katika eneo lote. Mahali pengine biashara ilikufa. Butembo iligeuza uso mashariki kabisa: kontena kutoka Dubai na China zilishuka Mombasa, zikapita Kampala na kuingia Kasindi.

Hapo wafanyabiashara wakubwa walifanya mapatano na wenye bunduki. Walilipa ushuru wa duane mbele, kabla mzigo haujafika, na kwa malipo hayo walikubaliwa kutozwa kidogo. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameeleza kwa urefu mpango huo. Waasi walipata pesa ya haraka ya kulipa askari. Wafanyabiashara walipata usalama na bei ya jumla. Mji ulipata nyumba za ghorofa, na barabara zilipata matengenezo fulani wakati ambapo hapakuwa na serikali ya kuyafanya.

Mpango huo usihukumiwe haraka na mtu aliyekuwa mbali. Waliokataa kuzungumza na wenye silaha katika miji mingine waliporwa. Kataliko mwenyewe, akiwa askofu mkuu wa Bukavu, alikemea uporaji wa vita katika ujumbe wake wa Krismasi ya 1999. Februari 2000 waasi wa RCD walimfukuza kutoka Bukavu, na alikuja kukaa Butembo hadi Septemba. Alifariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Kusema wazi kulikuwa na bei.

Lakini bei ya mapatano pia ilikuwepo. Mwenye kontena alikuwa na nafasi mezani. Mwenye mfuko mmoja kichwani hakuwa na mtu wa kumsemea, na kwenye kila barieri alitoa alichoombwa. Mkubwa alilipa kwa jumla na kuhesabiwa mjenzi wa mji. Mdogo alilipa kila siku na hakuhesabiwa.

Barabara ya hofu

Serikali ya mpito iliundwa mwaka 2003, na duane ikarudi chini ya Kinshasa. Wengi walitarajia kwamba sasa ushuru wa Kasindi utaonekana barabarani. Miaka ikapita, makamio yakaendelea kulala kwenye matope.

Wakati huo kilimo nacho kilikuwa kinabadilika. Ugonjwa wa kukausha mikahawa uliua robusta nyingi katika eneo la Beni katika miaka ya 1990, na wakulima wakapanda kakao. Ilikuwa nafasi mpya kwa familia nyingi. Halafu, tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohesabiwa kuwa ya ADF yaliwafukuza watu mashambani. Kakao ikaiva bila mwenyewe kuwepo, na magari yakaanza kusafiri kwa msafara wenye askari.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina. Hadi ilipomalizika Juni 2020 ilikuwa imepata watu 3,470 na kuua 2,287, wengi wao Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Masoko yaliendelea kufunguliwa, lakini mkono uliopokea pesa ulianza kuogopwa. Mwaka 2021, tarehe 6 Mei, utawala wa kijeshi uliwekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ofisi za jimbo zilihamia Beni. Njia ya Kasindi ikawa mzigo na tumaini la watu wengi zaidi ya ilivyokuwa zamani.

Hesabu ya lami

Katika mpango wa barabara ya 2021, Uganda ilikubali kutoa sehemu moja ya tano ya gharama, na kampuni ya Dott Services ilipewa kazi. Sehemu kubwa ya pesa ilipangwa kurudi kupitia malipo ya wanaopita. Kwa maneno mengine, lami si zawadi. Italipwa na kamio, na kamio litalipwa na bei ya sukari.

Hakuna ubaya kulipia barabara. Watu wa Butembo na Beni wamelipia barabara kwa miaka mia moja: kwa kazi ya lazima, kwa salongo, kwa michango ya parokia, kwa ushuru wa mbele, kwa noti iliyokunjwa kwenye barieri. Kilichokosekana kila mara ni karatasi ambayo kila mtu anaweza kuisoma: kimeingia kiasi gani, kimetumika wapi, kimebaki nini.

Kwa hiyo mikutano kuhusu barabara hii, iwe ya FEC, ya mashirika ya raia au ya ofisi ya meya, ina kazi tatu zilizo wazi. Kwanza, bei ya kupita ibandikwe mahali pa kulipia, kwa Kiswahili, pamoja na jina la ofisi inayopokea. Pili, barieri nyingine zote kwenye njia hiyo hiyo zionyeshe sheria inayoziruhusu, au ziondoke. Tatu, wachuuzi, wenye pikipiki na wakulima wa kakao wawe na mtu wao mezani, siyo nyuma ya mlango.

Mkopo wa mdomo uliijenga Butembo kwa sababu kila aliyekopesha alimjua aliyekopa, na alijua mahali pa kumkuta. Barabara ya kilomita 134 kutoka Butembo hadi Kasindi ni mkopo mkubwa kuliko yote ambayo mji huu umewahi kuingia, na wanaoulipa wana haki ya kujua jina la mwenye daftari.