Jina Chini ya Mchoro

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, baada ya Githurai na kabla ya Ruiru, unafika Kahawa. Wakati wa ukoloni palikuwa na kambi ya wanajeshi wa Uingereza hapo, ikiitwa Templer Barracks. Mwaka 1965 Waingereza waliikabidhi kwa serikali changa ya Kenya, na pale walipolala askari pakaingia wanafunzi. Kikawa Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Desemba 1985 kikazinduliwa rasmi kuwa chuo kikuu kinachojitegemea.

Mwaka huohuo wa 1965 Mwingereza aitwaye Terry Hirst alifika Kenya kufundisha sanaa. Alikuwa na miaka 33. Kabla ya mwaka huo kwisha, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi, pamoja na Elimo Njau, Jonathan Kariara, James Kangwana, Pheroze Nowrojee na Hilary Ng'weno. Baadaye alifundisha sanaa Kahawa, katika chuo kile kilichokuwa kambi. Historia ya katuni za Kenya haianzi naye, lakini sehemu yake kubwa inapita mikononi mwake, na ili kuelewa alichokifanya hatuna budi kwanza kutazama nchi aliyotoka.

Hirst alizaliwa Uingereza mwaka 1932. Alipokuwa na umri wa kuanza kusoma, kampuni ya D. C. Thomson ya mji wa Dundee, Scotland, ilitoa magazeti mawili ya watoto: The Dandy, Desemba 1937, na The Beano, Julai 1938. Kabla ya hayo, hadithi nyingi za picha za watoto wa Kiingereza ziliandikwa maneno marefu chini ya kila kisanduku, mtoto akitazama picha kisha akishuka kusoma. The Dandy na The Beano yaliegemea maneno yanayotoka kinywani mwa mhusika na kuelea ndani ya picha yenyewe. Jicho halikuhitaji kushuka tena. Hadithi ikaenda mbio.

Mchoraji mkuu wa magazeti hayo alikuwa Dudley D. Watkins. Alizaliwa mwaka 1907 Uingereza, akahamia Dundee akiwa kijana. Ndiye aliyemchora Desperate Dan, jitu la mabavu, na kuanzia Machi 1936 akachora Oor Wullie na The Broons katika gazeti la Sunday Post. Hizi mbili ziliandikwa kwa lugha ya mitaani ya Scotland, na wahusika wake walikuwa watu wa kawaida wa Scotland: mtoto mtundu anayekalia ndoo iliyofudikizwa, na familia kubwa iliyobanana kwenye nyumba ndogo. Mchoraji alikuwa mgeni, lakini Waskoti waliwachukua wahusika hao wakawafanya wao, na hawajawaachia hadi leo.

Jina la mchoraji huyo halikujulikana kwa miaka mingi. D. C. Thomson haikuruhusu wachoraji kutia saini kazi zao. Watkins alianza kuruhusiwa mwaka 1946, na hata hapo alikuwa mmoja wa wachache sana. David Law aliyemchora Dennis the Menace kuanzia 1951, Ken Reid wa Roger the Dodger, Leo Baxendale aliyewaumba Minnie the Minx na watoto watukutu wa Bash Street: watoto wa Uingereza walizijua kalamu zao kuliko walivyojua mwandiko wa baba zao, wala hawakujua zilikuwa za nani. Katika gazeti jingine, Eagle, Frank Hampson alimchora rubani wa anga za juu Dan Dare kuanzia 1950, na haki za mhusika huyo hazikuwa zake. Baxendale aliipeleka D. C. Thomson mahakamani kudai haki za wahusika aliowaumba. Kesi ilichukua miaka saba na ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 1987. Watkins hakuifikia siku hiyo. Agosti 1969 alikutwa amekufa kwenye meza yake ya kuchorea.

Nimekaa kwa Waingereza hawa kwa sababu kule Kenya, wakati huohuo, mambo yalikuwa yakienda njia nyingine. Katika miaka ya 1950 magazeti ya Kiswahili ya Nairobi yalikuwa tayari na katuni zake. Jarida la Tazama lilikuwa na Mrefu, iliyochorwa na W. S. Agutu. Edward Gitau naye akamleta Juha Kalulu, mtu mpumbavu mwenye moyo mweupe ambaye kila jambo humgeukia. Juha huyo alidumu kwa miongo mingi, na wasomaji wa Taifa Leo walikuwa naye hadi karne hii ilipoanza. Muhimu kwangu ni hili: aliyemjua Juha Kalulu alijua ni wa Gitau. Mhusika na mwenye kalamu walitembea pamoja, jambo ambalo watoto wa Dundee hawakuruhusiwa kulijua.

Basi Hirst alipoingia katika katuni za Kenya, alikuta nyumba ina wenyeji. Mlango wake ulikuwa Hilary Ng'weno, mwenzake wa Paa ya Paa, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Ng'weno alikuwa akiandika safu ya ucheshi katika gazeti hilo, na ndani yake aliishi mtu aitwaye Joe, mkazi wa mji anayepigwa na maisha pande zote na bado akapata la kucheka. Mwaka 1973 wawili hao walimpa Joe jarida lake, na Hirst akampa sura. Jarida liliitwa Joe.

Lilidumu hadi 1979, na kwa miaka hiyo sita sijui jarida jingine lililomtazama mfanyakazi wa Nairobi kwa karibu namna ile. Joe hakuwa shujaa. Alikuwa mtu wa mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, mwenye jamaa wanaotoka mashambani bila taarifa, anayekunywa bia akihesabu nauli ya kurudi nyumbani. Watu wa namna hiyo walijaa katika njia nzima ya Thika: vibarua wa mashamba ya kahawa ya Ruiru, wafanyakazi wa viwanda vya Thika, makarani walioshuka mjini alfajiri na kurejea giza limeingia. Jarida lilichapisha hadithi fupi za waandishi wa Kenya, na kando yake kurasa za katuni: Daddy Wasiwasi ya Hirst mwenyewe, O.K. Sue! ya Kimani Gathingiri, na City Life ya Edward Gitau. Gitau, ambaye Juha wake alikuwa ameanza kuchekesha watu miaka mingi kabla Mwingereza huyu hajaiona Kenya, sasa alichora katika jarida moja naye, kila mmoja kwa jina lake.

Ng'weno aliondoka mapema, na mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review. Hirst aliendelea. Joe ilipokwisha, kazi yake kubwa iliyofuata ilikuwa Pichadithi, mfululizo wa vitabu vya katuni uliotolewa Nairobi na Kul Graphics katika miaka ya 1980. Humo aliacha ofisi na baa za mji, akarudi kwenye ngano.

Wazo hilo halihitaji kuelezwa sana kwa mtu wa Thika. Mji huo una bustani ya Mugumo, na wenyeji husimulia kwamba Mugo wa Kibiru, mwonaji wa Agikuyu, alitabiri kuwa utawala wa wageni ungekwisha siku mti mkubwa wa mugumo ungeanguka. Kwamba wakoloni walipousikia utabiri huo waliufunga mti kwa chuma usianguke. Na kwamba ulianguka mwaka 1963. Simulizi ya namna hiyo ina picha ndani yake tayari. Pichadithi ilichota katika hazina hiyo kutoka kila upande: Wanjiru wa Agikuyu aliyetolewa kafara ili mvua inyeshe, Abunuwasi wa pwani mwenye hila zisizokwisha, na Lwanda Magere wa Waluo.

Huyo wa mwisho ndiye ninayemwona kuwa kipimo cha kazi nzima. Lwanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, silaha isimwingie. Adui walimpa mke kutoka kwao, na mke akaigundua siri: uhai wake ulikuwa katika kivuli. Vita vilipoanza tena, mkuki ulichomwa kwenye kivuli na Lwanda akaanguka. Msimuliaji wa jioni hulisema neno kivuli na msikilizaji hujichorea mwenyewe. Mchoraji wa katuni hana njia ya kukwepa. Ni lazima kivuli kiwepo kwenye karatasi, cheusi, kikimfuata shujaa hatua kwa hatua, na msomaji akione bila kukitilia maanani mpaka siku ya mkuki. Ni kazi ngumu, na wino mweusi unaifaa kuliko rangi zote.

Katika kizazi kilichofuata kalamu zilikuwa nyingi. James Tumusiime, Mganda aliyekuwa uhamishoni Nairobi, alimchora Bogi Benda katika Daily Nation, kisha akarudi kwao na mwaka 1988 akaanzisha Fountain Publishers. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyehamia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, aliumba Akokhan na Golgoti. Paul Kelemba akajulikana kote kwa saini yake ya Maddo, na Godfrey Mwampembwa kutoka Tanzania kwa saini ya Gado, hata watu wengi hawayajui majina yao kamili. Saini ndiyo iliyoshika nafasi ya jina. Hirst naye, pamoja na Davinder Lamba, mwaka 1994 alitoa The Struggle for Nairobi kupitia Taasisi ya Mazingira, kitabu cha katuni kinachosimulia jinsi mji huo ulivyojengwa na nani aliwekwa nje ya ramani yake.

Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu jijini Nairobi. Hirst alifariki mwaka 2015, akiwa ameishi Kenya kwa nusu karne. Katikati ya vifo hivyo viwili, barabara ya Thika ilikuwa imepanuliwa na kufunguliwa upya, na vijana wa Githurai, Ruiru na Thika walikuwa wakisoma Shujaaz, katuni ya Sheng iliyoanza mwaka 2010 na kutolewa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana asiye na kazi anayeendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake. Mwaka 2012 ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Emmy.