Sisi Wawili kwa Kislovenia

Mslovenia akisema delam, anafanya kazi peke yake. Akisema delamo, ni watu watatu au zaidi. Wakiwa yeye na mwenzake tu, kitenzi hubadilika tena: midva delava. Basi lugha yake ina umoja, ina wingi, na katikati pana uwili.

Zamani Waslavi wote walisema hivyo. Wamisionari Cyril na Methodius walipopelekwa Moravia mwaka 863, Kislavi walichotumia kutafsiri vitabu vya ibada kilikuwa na vě, "sisi wawili", na va, "ninyi wawili". Waarabu nao wanao uwili mpaka leo. Miteni na elfeni, walivyohesabu Waswahili wa kale mia mbili na elfu mbili, ni masalia yake.

Kwa Warusi uwili ulikwisha kufifia kufikia karne ya 14, lakini haukufutika. Katika dva stola, "meza mbili", stola ni umbo la uwili wa kale. Kwa kuwa lilifanana na umbo la umilikishi katika umoja, wasemaji walilielewa hivyo, kisha wakalitumia hata kwa tatu na nne! Wacheki wameubakiza uwili kwenye viungo vya mwili: "kwa mikono" ni rukama. Wapolandi wa vijijini wamefanya kituko kikubwa zaidi: róbta, "fanyeni", amri waliyopewa watu wawili zamani, sasa huambiwa kundi zima.

Mtu angetarajia basi kwamba Waslovenia, walioutunza uwili kuliko wote, wangeutumia kwanza kwa macho na mikono. Sivyo. Vitu vilivyozaliwa viwiliviwili huvitaja kwa wingi wa kawaida, oči na roke, isipokuwa wakitaka kusisitiza kwamba ni viwili. Uwili wao unaishi hasa kwa watu: mimi na wewe, wale wawili.

Vitabu vya kwanza vya Kislovenia, alivyoanza kuvichapisha Primož Trubar mwaka 1550, vina uwili tayari. Mfaransa Lucien Tesnière, aliyefundisha Ljubljana, alichapisha mwaka 1925 utafiti kuhusu uwili huo pamoja na ramani za lahaja. Zilionyesha kwamba uwili haukuwa sawa kila mahali: maumbo ya kike yalikuwa yakimezwa na wingi mapema kuliko ya kiume. Miongoni mwa Waslavi wengine, uwili ulio hai umebaki kwa Wasorbia wa mashariki mwa Ujerumani. Wale wa Bautzen husema mój kwa "sisi wawili". Wale wa Cottbus, mej.