Msambweni: Kutoka Kipande hadi Namba

Sheria ya kipande ilitungwa Kenya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akatakiwa kutembea na karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma, shingoni. Karatasi ilimweleza mwajiri mpya alikotoka mtu huyo na mshahara aliolipwa. Aliyetoroka shamba alisakwa kwa vidole vyake.

Enzi hizo ndipo Wamakonde walipoletwa kutoka Msumbiji, wengi miaka ya 1930, kufanya kazi katika mkonge na miwa ya pwani ya kusini. Mikono yao ilihitajika, uraia haukuzungumzwa. Uhuru wa 1963 ukawakuta Makongeni, Msambweni, na vijiji jirani, na watoto wao wakazaliwa hapo bila hati.

Hata hivyo, enzi ya karatasi ilikuwa na mianya. Jirani Mdigo alimdhamini Mmakonde, mwalimu akampokea mtoto asiye na hati, mnunuzi wa Diani akalipia vinyago vya Kimakonde taslimu. Polisi wa barabarani naye alikuwa na mapatano yake, yaani hongo.

Kompyuta haijui ujirani. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na usajili wa laini za simu ulipofanywa lazima, asiye na kitambulisho alisajili laini kwa jina la mwingine. Pesa alizotolea jasho zikakaa katika akaunti ya mtu ambaye angeweza kugombana naye kesho, au kufa.

Oktoba 2016 Wamakonde walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu, Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho, na Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Hakuna programu iliyowafungulia mlango huo. Waliufungua kwa nyayo zao.

Miaka miwili baadaye ikaja Huduma Namba, daftari moja la kidijitali kwa nchi nzima. Jumuiya ya Wanubi, inayojua vizuri adha ya kusubiri kitambulisho, ilikwenda mahakamani pamoja na watetezi wengine wa haki. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu walikataa ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, wakataka mpango usimame hadi kuwe na kanuni za kutosha. Hofu ya walalamikaji ilikuwa na msingi: daftari likikamilika, aliyeachwa nje ataachwa kila mahali kwa mpigo mmoja.

Wapemba wa pwani, wengi wao wavuvi, ambao nao walikuwa bila uraia, walipokea hati za uraia Julai 2023. Mwaka huohuo serikali ikatangaza Maisha Namba, inayokusudiwa kumfuata mtu tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mzazi wa Kwale aliyejifungulia nyumbani asingoje shule imdai cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aende kwa naibu chifu mapema, amwandikishe.