Sonona, moyo na mazoezi: Uhusiano ambao wengi hawautambui

SONONA ni huzuni nzito inayodumu wiki mbili au zaidi, ikimnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na raha ya mambo aliyoyapenda. Wengi huiona kuwa uvivu au aibu ya nyumbani. Wataalamu wa afya, hata hivyo, huihesabu miongoni mwa mambo yanayouhatarisha moyo.

Mnamo 1993, watafiti wa Montreal nchini Kanada walichapisha matokeo ya uchunguzi kuhusu wagonjwa 222 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo. Wenye sonona walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miezi sita iliyofuata kuliko wenzao.

Sababu ni kadhaa. Sonona huuchochea mwili kutoa homoni zinazoongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Isitoshe, aliyekata tamaa huacha kumeza dawa, huzidisha sigara na pombe, na kujifungia chumbani. Maradhi ya moyo nayo huzaa hofu na huzuni. Hivyo ugonjwa mmoja huulisha mwingine.

Mazoezi husaidia pande zote mbili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa 1999, uliwahusisha watu 156 wa umri wa miaka 50 na zaidi waliougua sonona. Baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliotumia dawa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mkazi wa Kaloleni au Makadara anayetembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano, pengine akielekea kazini katika Eneo la Viwanda, ametimiza kiwango hicho cha chini bila kulipa chochote. Mkazi wa Umoja au Kayole anayepanda matatu anaweza kushuka vituo kadhaa kabla ya kwake. Kutembea pamoja na jirani huondoa upweke na hofu ya usalama.

Hata hivyo, mwenye maradhi ya moyo hana budi kumwona daktari kabla ya kuanza. Akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, asimame na kutafuta msaada mara moja. Dawa zisiachwe kwa sababu ya mazoezi, na anayewaza kujitoa uhai apelekwe hospitalini bila kuchelewa.