Kufuli Lenye Ufunguo wa Kila Mtu

Leo katika somo letu la historia hatutazungumza habari za wafalme wala vita vya mikuki. Tutazungumza habari za mwaka 2016, wakati kamera za kutundikwa ukutani zilipogeuzwa kuwa jeshi, na wenyewe hawakujua.

Kwanza tufahamu jambo moja. Hapo mwanzo vitu vilivyounganishwa na intaneti vilikuwa kompyuta kubwa. Baadaye watu wakaunganisha na vitu vingine: kamera za ulinzi, mashine za kuwekea picha za kamera hizo, na ruta, yaani kile kisanduku kinachopitisha intaneti nyumbani. Kila kimoja kina kompyuta ndogo ndani yake, na neno la siri la kukifungulia. Lakini viwanda vingi, kwa kutaka urahisi, vilitia neno lile lile katika maelfu ya mashine. Mathalani, neno "admin" au "12345". Ni sawa na fundi auzaye makufuli elfu kumi, na ufunguo wake ni mmoja.

Basi katika mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, walitunga programu iliyoitwa Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka katika intaneti, kubisha kila mlango, na kujaribu funguo za kiwandani. Orodha yake ilikuwa na funguo kama 60 tu. Nazo zilitosha! Ilipofikia kilele, Mirai ilikuwa imeshika mashine kama 600,000. Mwenye kamera hakuona dalili. Kamera yake iliendelea kumwonyesha picha kama kawaida.

Mwishoni mwa Septemba programu hiyo ilitolewa hadharani, na watu wengine wakaichukua. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la mashine hizo liliishambulia kampuni ya Dyn huko Marekani. Kampuni hiyo ilifanya kazi kama kitabu cha simu: ukitaja jina, yenyewe hukupa anwani. Siku ile mashine nyingi mno ziliuliza kwa wakati mmoja, hata waulizaji wa kweli wakakosa nafasi. Kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufika Twitter, Netflix wala Reddit, ingawa mashine za kampuni hizo zilikuwa nzima. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyozibwa.

Vijana wale watatu walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Mwaka 2018 walihukumiwa kuwa chini ya uangalizi miaka mitano, na kutumikia umma saa 2,500. Sheria nazo zikafuata. Jimbo la California liliagiza, tangu Januari 2020, ya kwamba kila mashine iwe na neno lake la siri, au imlazimishe mwenyewe kulibadili. Uingereza ilipiga marufuku neno moja kwa wote tangu Aprili 2024.

Lakini sheria haibadili mashine ambayo tayari iko ukutani kwako. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ukizima kamera na kuiwasha, Mirai hutoka. Lakini neno la kiwandani likibaki, yaweza kurudi baada ya dakika chache. Kwa hiyo yafaa kuiondoa kwanza kwenye intaneti, kuizima na kuiwasha, kubadili neno la siri, kisha kuiunganisha tena. Na kabla ya kununua, muulize mwenye duka: je, neno hili laweza kubadilishwa? Baadhi ya mashine zilizoshikwa hazikumpa mwenyewe njia ya kulibadili. Mashine ya namna hiyo usiiunganishe na intaneti, kwani mlango ulioachwa wazi kwako ndio uliomdhuru mtu wa mbali.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini funguo 60 zilitosha kufungua mashine nyingi hivyo?
2. Kampuni ya Dyn ilifanya kazi gani?
3. Kuna mashine gani nyumbani au kazini kwako iliyounganishwa na intaneti? Nani alichagua neno lake la siri?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.