Kicheko cha Kashasha hakikuwa kichekesho

Wadau, leo naanza kwa kuungama. Nilipoanza kazi ya uandishi, kila nikitambulishwa kuwa natokea Kagera nilijua utani unakuja. Mara Wahaya na Kiingereza chao, mara majivuno, mara senene. Basi nikawa nawawahi: "Sisi ndio tulioshikwa na ugonjwa wa kucheka mpaka shule zikafungwa!" Watu wanavunjika mbavu, na mimi navunjika nao, halafu tunaendelea na chai.

Kisha siku moja nikaamua kuiandika habari hiyo kwa kirefu, nikaitafuta ripoti ya madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyochapishwa mwaka 1963. Jamani, ile raha yote ikaniisha.

Kisa kilianza Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, ambako leo ni Wilaya ya Muleba. Siku hizo hata jina la Kagera halikuwepo, mkoa ukiitwa Ziwa Magharibi mpaka 1979. Wanafunzi watatu wakaanza kucheka na hawakuweza kujizuia. Mpaka shule inafungwa Machi 18, waliokumbwa walikuwa 95 kati ya 159. Ilifunguliwa Mei 21, wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena Juni.

Wasichana walirudishwa makwao, na ugonjwa ukaenda nao. Huko Nshamba, Aprili na Mei, watu 217 walishikwa. Juni ukaingia shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, nje kidogo ya mji wa Bukoba: 48 kati ya 154. Hesabu inayotajwa sana ni shule 14 kufungwa na watu wapatao 1,000 kuugua. Wenyeji waliuita Endwara Yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi nilikuwa siisimulii. Hawakuwa wanacheka tu. Walicheka na kulia, dakika chache au saa kadhaa, wakapumzika, kikaanza tena. Kwa wengine kiliendelea hivyo mpaka siku 16. Ukijaribu kumshika anakurushia mikono. Wapo waliosema kuna vitu vinatembea kichwani, na kwamba kuna mtu anawakimbiza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu yuko bwenini, mbali na mama yake, anaamini anakimbizwa, halafu mimi miaka mingi baadaye nachekesha nayo wenzangu ofisini!

Madaktari walipima na kupima, hawakuona kidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Lakini kuna jambo waliliandika ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi: walimu hawakupatwa, hata mmoja. Wanaishi palepale, wanavuta hewa ileile, wanawaona wasichana kutwa. Hata vijijini, watu wazima wenye elimu na nafasi zao ugonjwa uliwapita. Uliwachukua wanafunzi na vijana.

Mtafiti Christian Hempelmann, aliyekipitia kisa hiki upya miaka ya 2000, anasema hicho hakikuwa kicheko cha furaha bali msongo wa mawazo uliopata njia ya kutokea. Mimi si daktari, ila hapo namwelewa. Uhuru ulikuwa na siku 52 tu. Kila mzazi aliyempeleka binti shule alikuwa na matumaini mapya, na matumaini ya mzazi ni mzigo, tusidanganyane. Bwenini kuna kengele ya kuamka, kengele ya sala, kengele ya kulala. Nani anakuuliza unajisikiaje? Mwalimu akikasirika anagomba, anatoa adhabu, jioni anakwenda kwake. Msichana anameza tu.

Tena tusijifanye yale yamepita. Ni mara ngapi tumesikia wanafunzi wanaanguka ovyo shuleni, na sisi waandishi tunakimbilia neno "mapepo" kwa sababu linauza gazeti? Nimeliandika mimi mwenyewe. Sikumhoji mwanafunzi yeyote. Nilimhoji mwalimu.

Nina sababu nyingine ya kuwaamini wale wasichana. Tulipomzika babu huko Muleba nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jeneza linashushwa, mimi na binamu yangu tukatazamana, kicheko kikatushika. Tukakimbilia migombani tumeziba midomo, tumbo linauma, machozi yanatoka, na hakuna kilichochekesha. Babu ndiye aliyenilea. Shangazi akatufuata, nikajua leo nachapwa. Hakunichapa. Alinivuta kifuani akasema, "Lia mwanangu, wewe lia tu." Hapo ndipo nililia kweli, mpaka jioni.

Siku hizi nikitambulishwa wananiuliza kuhusu senene, nawajibu. Wakiniuliza kuhusu kile kicheko, naanzia kwa yule aliyedhani anakimbizwa. Chai hupoa kidogo.